Chanzo cha Kwanza, Ghorofa ya Tatu

Ukiingia saluni kwa Jocelyne pale Yeoville, Johannesburg, nywele zikiwa timutimu, utatoka umependeza, na kabla hujatoka utakuwa umemmwagia mambo ambayo hata mumeo hayajui. Si kwamba Jocelyne ni mdadisi. Ana mikono miepesi na mdomo mzito, na wanawake wakikutana na mtu wa namna hiyo hufunguka wenyewe. Alianza na kiti cha kukodi akiwa na mimba, mgeni kutoka Kalemie, Kongo, asiyejua hata kuomba maji kwa Kiingereza. Mumewe Gaston, mlinzi wa maduka, alikufa kwa ugonjwa wa kifua binti yao akiwa angali shule ya msingi, na tangu hapo Jocelyne amesuka mpaka vidole vimepinda.

Alikuwa akimsukia nani? Héritière, nani mwingine? Karo, viatu, nauli ya teksi, simu iliyopasuka kioo na ile iliyokuja baada yake, vyote vilitoka vichwani mwa watu. Nyumba hana, ndugu wa karibu nchi hii hana. Anaye mtoto huyo mmoja, ambaye tangu utotoni alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba mama yake hajawahi kumwangusha, na Jocelyne alikuwa akilisikia neno hilo na kujifanya anatafuta kitana. Usimcheke. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho akinyang'anywa amekwisha, na chake kilikuwa hicho: jinsi binti yake alivyomtazama.

Héritière akaingia chuo kikuu, akasomea mambo ya jamii. Kiswahili cha mama yake anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika huchomekea Kizulu. Nitayaweka maneno yake kwa Kiswahili, maana vinginevyo tutakesha hapa.

Jumapili moja baada ya ibada, Jocelyne akiwa jikoni anasonga bukari, ule ugali wa kwao, binti akaingia na insha iliyorudishwa. Mwalimu wake wa semina, Mkenya aitwaye Valerie, alikuwa ameichora wino mwekundu huku na huku.

"Eish, Ma, huyu Valerie ananichosha," alisema Héritière. "Nimenukuu tasnifu moja ya zamani, ananiuliza kama nimeisoma mwenyewe au nimeiona ndani ya kitabu cha profesa aliyeinukuu."

"Na uliisoma?"

"Nani anasoma tasnifu nzima? Niliikuta ndani ya kitabu. Kila mtu anafanya hivyo. Unaona nukuu tamu kwenye kitabu kipya, unaichukua, unaandika jina la yule wa kwanza kama vile mlikutana naye njiani."

Akacheka, kisha akaeleza alivyofundishwa. Ukilipata neno kwa mtu wa pili, useme wazi kwamba umelipata kwake: fulani, kama alivyonukuliwa na fulani. Kwenye orodha ya marejeo uandike kitabu ulichokisoma, si kile ulichosikia habari zake. Tena hata hiyo ni ruhusa ya mwenye shida tu, pale ambapo chanzo cha kwanza hakipatikani. Kikipatikana, unakwenda kukisoma mwenyewe, kwa sababu anayenukuu huchukua anachokitaka na mengine huyaacha.

"Ni kama mteja akikwambia rafiki yako Tantine Murielle amesema hivi na hivi," alimfafanulia mama yake. "Huwezi kutoka hapo ukasema umemsikia Tantine."

"Kabisa," alisema Jocelyne, akimwonea fahari mwanawe. "Huyo mwalimu wako iko na akili. Sasa hiyo maneno tamu inasema nini?"

Héritière akasoma kwa Kiingereza, halafu akajaribu Kiswahili chake cha kuokoteza ili mama afurahi. Nilimwambia mama muuza samaki, nishikie mtoto, naenda kununua mkate. Nikapanda lori. Mkate sikununua.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Ni mwanamke wa hapahapa Yeoville," binti aliendelea, hana habari. "Mkongomani. Alimwacha mtoto mchanga Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia. Profesa anasema kwa wanawake kama hao mtoto ni mzigo, ukichoka unautua. Na mimi nimeandika kwamba mtu wa namna hiyo hana hata haki ya kuitwa mama."

Bukari ilianza kunuka moshi. Jocelyne akageukia jiko, akapunguza moto, akaongeza maji yasiyohitajika. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

"Basi andika vile vile umesema. Kwamba umeipata kwa profesa. Si inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa kama ya kwanza haipatikani, Ma. Hii ipo. Nimeangalia kwenye kompyuta, iko maktaba, ghorofa ya tatu."

"Maktaba iko mbali. Utapoteza masomo. Profesa ni mutu mukubwa, hawezi kudanganya. Andika tu jina yake, unasikia?"

Héritière alimkodolea macho. Mama aliyekuwa akimfukuza kitandani kwa sababu ya daftari lisilofunikwa karatasi, leo anambembeleza afanye kazi nusunusu? Akacheka tena, akambusu shavuni, akasema Alhamisi hana vipindi, atakwenda.

Maneno yale yalikuwa yametoka kinywani mwa Jocelyne. Hilo ni kweli na halina ubishi. Lakini hayakuwa yake, na hapa ndipo penye uchungu wote wa habari hii.

Katika saluni ile ya zamani, kabla Jocelyne hajapata yake, wanawake walikuwa na desturi yao. Mwenzao akiwa na jambo lililomkaa kooni, asiloweza kulitamka yeye mwenyewe, humnong'oneza mwingine: nibebee. Yule aliyeombwa hulisema mbele ya wote kama la kwake. Husema mimi nilifanya hivi, mimi nilikimbia, mimi nilipigwa. Wengine hulia, hulaani, huombea, na mwenye jambo hukaa pembeni akiendelea kusuka, akisikia yote bila jicho la mtu kumwelekea. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni la nani. Sijui kama kuna daktari wa roho aliyewahi kubuni kitu bora kuliko hicho, na wale hawakwenda shule yoyote kukitafuta.

Murielle, huyo ambaye Héritière humwita Tantine, yaani shangazi, alikuwa msusi wa kiti cha jirani. Siku moja alikuja Denise, binti wa Ulaya aliyekuwa akiandika tasnifu, na kinasa sauti chake kidogo, akiuliza wanawake walivyosafiri kutoka Kongo hadi Johannesburg. Ilipokaribia zamu ya Jocelyne, Murielle aliinama kama anayeokota kitana. "Nibebee ya mutoto," alinong'ona. "Iingie mule. Hata mutu mumoja ajue alizaliwa."

Jocelyne akabeba. Alisema mimi, na alisimulia vizuri, kwa sababu alikuwa ameshaisikia hadithi hiyo kwa machozi ya mwenyewe. Alisema maziwa yalivyomkauka, dereva wa lori alivyokataa mtoto anayelia, mama muuza samaki alivyokuwa na uso wa huruma. Murielle alisuka kichwa cha watu bila kukiona. Denise alishukuru, akarudi kwao, akaandika. Kila mwanamke mle ndani alijua kinachoendelea isipokuwa yule aliyekuwa na karatasi.

Sasa Murielle ana duka la vitenge Kensington, kwenye barabara kubwa. Ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, mke wa mzee wa kanisa Théodore, na watu humwita Mama Gaël, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wa kwanza wanayemjua wao, yaani.

Jocelyne alifunga saluni Jumatatu asubuhi, akapanda teksi, akamkuta akikunja vitambaa. Akamweleza yote.

"Niachilie," alimwomba. "Akiniuliza, nimwambie ni ya nani. Kwa yeye tu. Mutoto wangu anajua kufunga mudomo."

Murielle aliufunga mlango wa duka, akageuza kibao. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa, na Jocelyne, mjinga wa watu, akadhani amepata.

"Théodore anajua Gaël njo wangu wa kwanza," alisema Murielle. "Nilimwapia mbele ya pasta. Unataka nikufe? Mama Héritière, ulisha kuibeba. Bakia nayo."

"Ilikuwa ya siku moja. Hatukusema ya maisha."

"Pengine hatajua ni wewe. Wazungu wanafichaka majina."

Ni kweli, Denise alificha jina. Alificha jina akaacha kila kitu kingine uchi. Alhamisi, katika ghorofa ya tatu ya maktaba, Héritière aliifungua tasnifu akiwa na kalamu mkononi na chupa ya maji begani, akitafuta ukurasa ili amalize akale. Akasoma kuhusu Mama J., msusi kutoka Kalemie, mwenye kovu la pasi ya nywele kiganja cha kushoto, mke wa mlinzi. Akasoma kwamba wakati wa mazungumzo binti mchanga wa Mama J. alikuwa amelala chini ya meza ndani ya boksi la nywele za bandia, na kwamba jina la mtoto huyo kwa Kifaransa maana yake ni mrithi.

Héritière anajua habari za boksi hilo. Hadithi ya boksi ndiyo iliyokuwa ikimchekesha tangu akiwa mdogo.

Alirudi nyumbani jioni, hakuvua koti. Jocelyne alikuwa amepika samaki, akaona haya ghafla kwa kupika samaki.

"Mama J. ni wewe," alisema binti.

"Keti kwanza, mwanangu."

"Nimeuliza swali rahisi. Maneno haya uliyasema au hukuyasema?"

"Niliyasema."

Ilikuwa imeshatoka. Héritière akashika ukingo wa meza, na Jocelyne, alipoona uso ule unavyombadilikia, akasahau ahadi, akasahau saluni na wanawake wake wote. Akamwaga kila kitu: Murielle, kunong'ona, desturi ya kubebeana. Alisema haraka haraka, akirudia rudia, jinsi mtu anayesema kweli asivyopaswa kusema, maana waongo ndio husema kwa mpangilio.

"Kwa hiyo ulisema mimi, ukimaanisha mtu mwingine," alisema Héritière.

"Ndiyo."

"Na hukumwambia mtafiti."

"Hakuna mutu aliambiaka mutu. Tulikuwa tunajua."

"Mtoto aliitwa nani?"

"Exaucée," alijibu Jocelyne upesi, akidhani jina litamsaidia.

Binti alitikisa kichwa polepole. "Jina halimo kwenye tasnifu. Nimeisoma sehemu hiyo neno kwa neno. Unalijua wewe."

Jocelyne akahesabu mashahidi wake. Ni nani angeweza kumtetea? Gaston alikuwa kaburini. Wanawake wa saluni ile walitawanyika, mmoja Cape Town, mwingine Kanada, wengine hata hajui kama wako hai. Alibaki shahidi mmoja tu duniani, naye alikuwa Kensington akipima vitenge.

"Twende kwake," alisema Héritière. "Sitaki kuhadithiwa tena. Nataka kusikia kwa mwenyewe."

Walikwenda kesho yake. Duka lilikuwa na wateja, kina mama wawili wa kanisani wakibishana juu ya rangi ya sare. Jocelyne alitamani wasubiri watoke, lakini Héritière alikuwa ameshasogea kaunta. Aliuliza kwa adabu, sauti ya chini, kama alivyofundishwa kuwahoji watu.

"Tantine, samahani. Mama anasema mtoto aliyeachwa Kasumbalesa alikuwa wako. Anasema aliitwa Exaucée."

Kitenge kilichokuwa mikononi mwa Murielle kiliteleza kikaanguka chini chote, mkunjo baada ya mkunjo. Jocelyne aliona. Alimgeukia binti yake ili aone naye ameona, akakuta Héritière hamtazami Murielle hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye, mama yake, akiupima uso wake.

Murielle aliokota kitambaa, akakipangusa.

"Mwana wangu," alimwambia Héritière kwa upole ambao ulimchoma Jocelyne kuliko tusi, "ile safari iliharibu watu wengi kichwa. Usimkasirikie mama yako. Umwombee. Miye mutoto wangu wa kwanza ni Gaël, kila mutu anajua."

Wale kina mama wawili wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, kila mtu alijua.

"Murielle!" Jocelyne alisema. "Murielle, niangalie basi!"

Hakuangaliwa. Héritière alishukuru, akatoka, akapanda teksi ya mbele, mama akabaki kituoni akisubiri ya nyuma.

Insha ilirekebishwa na kurudishwa. Valerie aliisifu mbele ya darasa lote. Alisema hii ndiyo kazi ya mtu aliyekwenda kwenye chanzo chenyewe, akawaonyesha wanafunzi wengine jinsi profesa alivyokata mahali pa maziwa kukauka na mahali pa dereva, akabakiza mkate tu ili mwanamke aonekane shetani. Jina la Denise lilikaa mahali pake, mwaka mahali pake, ukurasa mahali pake. Valerie aliuliza kama msusi huyo bado anapatikana, Héritière akasema hajui. Hakukuwa na kosa hata moja katika marejeo, na mwanamke aliyetajwa humo alikuwa akilala peke yake katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, kwa sababu binti yake alikuwa amefungasha nguo na kuhamia kwa rafiki huko Malvern.

Tusimlaumu mtoto kupita kiasi. Alifanya kila alichofundishwa. Alikwenda kwa wa pili, akaenda kwa wa kwanza, akaenda mpaka kwa Murielle mwenyewe aliyetajwa na mama yake, na wote watatu walimpa jibu moja. Mimi ningemlaumu Murielle, na ningemlaumu hadharani, lakini hata yeye nikimfikiria usiku mmoja tu wa maisha yake, hasira inapungua, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kitu ambacho Jocelyne hakukijua ni kwamba Héritière alikuwa ameanza kumtafuta dada yake. Aliweka habari kwenye makundi ya watu wa Kasumbalesa mtandaoni: msichana aitwaye Exaucée, aliyelelewa na muuza samaki. Akaweka na picha ya Jocelyne akiwa kijana. Watu wakapashana, kama wanavyopashana.

Siku moja mchana saluni imejaa, Héritière akaingia. Hakuwa amekanyaga pale tangu ahame. Jocelyne aliachia rasta mkononi, akaanza kutabasamu, na tabasamu likafia njiani alipoona simu imeshanyooshwa mbele yake, sauti imefunguliwa wote wasikie.

"Ni yeye," alisema Héritière. "Yuko Kasumbalesa. Ongea naye."

"Maman?" ilisema simu. Ilikuwa sauti ya msichana mkubwa, nyuma yake malori yakipiga honi. "Maman, ni Exaucée. Siko na kasirani. Yule mama wa samaki alikufa mwaka jana. Alikuwa anasemaka utarudi na mkate. Nataka tu kusikia sauti yako."

Mashine za kukaushia nywele zilizimwa moja baada ya nyingine. Jocelyne alimtazama binti yake, akaona kwenye uso ule kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu: mlango uliokuwa wazi kidogo. Alielewa bei yake. Aseme tu, mwanangu, nisamehe, na Héritière atarudi nyumbani, pengine jioni hiyohiyo. Atamchukia siku kadhaa, halafu atamsamehe, kwa sababu mtu aliyekiri husamehewa. Neno lilikuwa ulimini.

Lakini huyu wa kwenye simu alikuwa amengoja maisha yake yote. Mama yake alikuwa hai, barabara chache kutoka hapo. Kumpa mama wa uongo kulikuwa kumwibia yule wa kweli, na Jocelyne hakuwa na ubavu wa kufanya hivyo hata kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka, "miye hapana mama yako. Sikiliza vizuri. Mama yako iko..."

Hakumaliza. Sauti ndogo ilisema "Sawa," na simu ikakatwa.

Héritière alipiga tena. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena, amesimama katikati ya saluni, wateja wakitazama sakafu. Mwishowe alishusha mkono.

"Mara ya kwanza nilisoma," alimwambia mama yake. "Nikajiambia labda waliandika vibaya. Mara hii hakuna aliyenihadithia. Umemwacha tena, na nimesikia kwa masikio yangu."

Akatoka. Jocelyne alimfuata hadi mlangoni, akamwita jina lake mara mbili, na Héritière akavuka barabara bila kugeuka.